Zimwi Likujualo: Mhusika Mwovu katika Ngano za Ukambani na katika Michezo ya Video

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali moja la uhakiki ambalo wengi wetu hatujalipa nafasi: je, mhusika mwovu katika michezo ya video ya fantasia ametungwa kwa ufundi, au amewekwa pale ili shujaa apate mtu wa kumpiga? Kila uhakiki unahitaji kipimo. Kipimo nitakachokitumia ni iimu, yule zimwi wa ngano za Wakamba, kama asimuliwavyo Kitui na Makueni. Sikumchagua kwa kuonea fahari cha kwetu. Nimemchagua kwa kuwa ni mhusika mwovu aliyekwisha kupita vinywani mwa mafanani wasiohesabika, na kila aliyemsimulia mbele ya watoto alijua papo hapo kama amefaulu au la. Mtoto asiyeogopa husinzia.

Yafaa kwanza kumweleza kwa ufupi msomaji asiyeijua michezo hii. Katika mchezo wa kuigiza mhusika, mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, humwongoza katika nchi ya kubuni, huzungumza na wakazi wake kwa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa yaliyoandikwa kiooni, na kwa kupigana na kutafuta huzidi kupata nguvu. Hadithi moja yaweza kumchukua saa 50 au zaidi, na mwishoni, karibu kila mara, hukaa adui mkuu. Katika vibanda vya michezo vya mijini mwetu mpira wa miguu na mbio za magari ndivyo vinavyotawala, maana huko hulipiwa kwa dakika au kwa mechi. Mchezo mrefu wa fantasia huchezwa faraghani, na kijana mmoja, usiku. Kwa hiyo mwalimu na mzazi hawauoni, na mhakiki hana habari nao.

Najua wapo watakaosema kwamba hii si fasihi. Hoja hiyo si ngeni masikioni mwetu; ngano nazo zilihesabiwa kuwa vitu vya watoto na vikongwe, mpaka wakatokea watu wa kuziandika. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, alizichapisha Uppsala, na buku lake la 1935 ndilo lenye ngano za viumbe visivyo vya kawaida. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango katika Kitui mwaka 1931, alitoa mkusanyo wake wa ngano za Kikamba kwa Kiingereza mwaka 1966. Mwikali Kieti na Peter Coughlin wakafuata mwaka 1990. Tusipoanza kuihakiki fani hii mpya sasa, tutakuja kuihakiki ikiwa imekwisha kukauka.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa neno lina habari. Kikamba husema iimu (Lindblom aliandika eimu), Kigikuyu husema irimũ, na Kiswahili kina zimu na zimwi. Kikamba kimeiangusha konsonanti ambayo Kigikuyu kimeihifadhi kama r na Kiswahili kama z. Shina hilo hilo ndilo lililotupa mzimu, kuzimu na wazimu. Na katika Kikamba wafu wa ukoo huitwa aimu. Hivyo mlaji wa watu na babu aliyezikwa nyuma ya nyumba wana jina la shina moja. Wakamba hawawachanganyi. Hakuna mtu anayemmwagia tembo iimu wa hadithini. Lakini lugha imekwisha kutuambia jambo ambalo watunzi wengi wa michezo ya video hawajalitambua, kwamba kiumbe wa kutisha hatoki mbali. Ana uhusiano na nyumba. Mswahili naye ameliweka jambo hilo katika methali anaposema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kwa kusifu faida ya kujuana. Mimi naitumia hapa kwa sehemu yake ya kwanza tu, ile inayodhania kwamba yuko zimwi akujuaye.

Iimu wa ngano hana umbo moja. Mara ni mdogo kuliko mbilikimo, mara ni mkubwa kupita kiasi, na mara, hili ndilo la hatari, ni kijana mzuri wa sura anayetokea kwenye ngoma na kuwapendeza wasichana. Msichana humfuata. Njiani dalili hujitokeza moja baada ya moja, na hadhira huziona kabla msichana hajaziona au kabla hajakubali kwamba ameziona. Katika ngano nyingine za Afrika Mashariki zimwi hujifunza wimbo ambao mama humwimbia mtoto aliyefichwa ili amfungulie mlango. Mara ya kwanza sauti yake nzito humponza. Huenda akairekebisha, kisha akarudi. Tazama ufundi wa tukio hilo. Adui huyu amefanya kazi. Amesikiliza, amekariri, amejua ni nani aitwaye mwaitũ katika nyumba ile na huitwa kwa sauti gani. Hakuvunja mlango kwa nguvu ingawa nguvu anazo. Ubaya wake umo katika kuijua nyumba.

Pamoja na hilo, iimu ana njaa. Wasomi wa nje wamelitazama jambo hili kama sifa ya kawaida ya majitu ya hadithi, wakalipita. Lakini ngano husikilizwa mahali fulani. Kitui na Makueni ni nchi ya mvua mbili zisizoaminika, na watu wake wamezipa njaa zao majina kama wapewavyo watoto. Iko Ngomanisye ya mwisho wa karne ya 19, na iko Nĩkw'a Ngwete ya miaka ya 1980, ambayo jina lake lasema "nafa nimeshika", yaani mtu alikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakipo. Mtoto aliyelala na tumbo tupu hahitaji kuelezwa kwa nini iimu anakula. Anaijua haja ile. Asichokijua, na ambacho ngano inamfundisha, ni sura ya mtu anayeila haja yake peke yake, akawala na wenzake. Iimu ni ulafi katika nchi ya uhaba. Ndiyo sababu haonekani kuwa kichekesho hata anapofanya mambo ya kipuuzi.

Nyimbo za ngano zina hukumu yake. Fanani anapofika pahali pa wimbo, hadhira huitikia. Na mara nyingi wimbo ule ni wa iimu. Kwa dakika ile watoto wote waliokaa pale wanaimba maneno ya mlaji wa watu kwa vinywa vyao wenyewe. Wamemcheka, wamemwogopa, na wamekuwa yeye. Sijui njia nyepesi zaidi ya kumfanya msikilizaji amjue mwovu kwa ndani.

Kwa hiyo naweza kukitaja kipimo changu. Mhusika mwovu ametungwa vema pale anapomjua yule anayempinga, na sisi tukaijua haja yake. Ikikosekana moja katika mbili hizo, twapata jitu lenye uhai mrefu wa kupunguzwa kwa upanga.

Mfano wa kukosekana tunao katika mchezo mashuhuri sana, Skyrim, uliotoka mwaka 2011. Adui wake mkuu ni joka Alduin, ambaye cheo chake ni Mla-Dunia. Msomaji ataona mara moja kwamba huyu ni ndugu wa iimu kwa kazi. Mwanzo wake ni mzuri. Shujaa yu karibu kukatwa kichwa, na ni kuja kwa joka kunakomwokoa bila joka kukusudia. Baada ya hapo mtunzi hana la kufanya naye. Alduin hutokea mara chache, husema maneno machache ya kujisifu, na ulaji wake hatuuoni mpaka karibu na mwisho, anapozila roho za mashujaa waliokufa katika ukungu wa ahera yao. Lililo baya zaidi ni kwamba anangoja. Mchezaji aweza kuchuma majani ya dawa, kununua nyumba, kuoa na kupika supu ya kabichi kwa muda wowote apendao, na dunia hailiwi. Njaa inayongoja si njaa. Mchezo wenyewe una uzuri mwingi wa mandhari na sikatai raha yake. Lakini mwovu wake angemsinzisha mtoto wa Mutomo.

Ni jambo la kushangaza kwamba kampuni ile ile, miaka 9 kabla, ilitoa Morrowind wenye mwovu bora zaidi. Dagoth Ur anakaa ndani ya mlima wa moto, naye anaamini kwamba shujaa ni bwana wake wa zamani aliyezaliwa upya. Humjia katika ndoto mchezaji anapolala. Humwita kwa urafiki, humkumbusha utumishi wa kale, humwalika. Na wanapokutana hatimaye hawaanzi kwa kupigana. Wanaulizana maswali, na mchezaji hupewa nafasi ya kumjibu. Hapa ndipo mlango wa ngano unapobishwa. Adui amejifunza wimbo, na tatizo la shujaa ni kwamba wimbo huo huenda ukawa wake kweli. Mchezaji anayeingia mlimani pale hana uhakika kama anamwua adui au anamsaliti mtumishi.

Irenicus wa Baldur's Gate II, wa mwaka 2000, amekwenda mbali kidogo kuliko huyo. Hadithi yaanza shujaa akiwa ndani ya kizimba chake. Mchawi huyu alizaliwa katika jamii ya watu wa msituni waishio miaka mingi, akatamani uungu, akauhujumu mti uliokuwa uhai wa jamii yake, na malkia aliyempenda zamani akamhukumu kunyang'anywa asili yake. Sasa amebaki mtupu, na anataka kuitwaa roho ya shujaa ili ajijaze. Haja hiyo ni njaa kabisa. Lakini nataka msomaji aangalie chumba kimoja tu. Katika shimo lile la mwanzo, katikati ya vyombo vya mateso, mchezaji anaingia katika chumba cha kulala kilichopangwa vizuri, cha mwanamke asiyekuwapo. Wakati huo hajui ni cha nani. Saa nyingi baadaye, akishaisikia habari ya malkia, atakumbuka. Mtunzi hakumfanya mwovu aeleze huzuni yake kwa hotuba. Ameiacha ndani ya nyumba tuikanyage. Na baadaye roho ya shujaa inatwaliwa kweli kweli, hadithi ikaendelea na mchezaji akiwa ameonjeshwa utupu ule ule unaomsumbua adui wake. Hili ndilo jambo lililo karibu zaidi na hadhira kuimba wimbo wa iimu nililoliona katika michezo ya zamani.

Kefka wa Final Fantasy VI, mchezo wa Kijapani wa 1994, anakipinga kipimo changu, nami sitaki kumficha. Huyu hamjui mtu. Ni mcheshi katili asiye na haja inayoeleweka, na anapopata uwezo wa kimungu anauangamiza ulimwengu katikati ya hadithi. Kwa kipimo nilichokitoa alipaswa kushindwa. Hakushindwa, na nadhani sababu ni maji. Kefka anautia sumu mto unaoinywesha ngome ya Doma iliyozingirwa, watu wanaanguka mmoja mmoja, na askari Cyan anakwenda mbio nyumbani akamkuta mke na mwanawe wamekufa. Ukatili mwingi wa michezo ya fantasia ni wa moto na radi, mambo yasiyomgusa mtu. Huu ni wa kisima. Yeyote aliyekwenda kuchimba mchanga wa Tiva wakati wa kiangazi atafute maji hahitaji kuelezwa ukubwa wa kosa hilo. Mwovu hakumjua Cyan, lakini mtunzi alimjua, na alituonyesha nyumba moja badala ya kutupa hesabu ya waliokufa. Mwishoni Kefka anawauliza mashujaa kwa nini wajenge kitakachobomoka, nao wanamjibu mmoja mmoja kwa kutaja walichokipata. Mjadala huo ni mwepesi kama falsafa. Kama tamthilia unatosha.

Iko pia kazi ya Wapoland, nyongeza ya mchezo wa The Witcher 3 iliyoitwa Hearts of Stone, ya mwaka 2015. Mwovu wake, Gaunter O'Dimm, ni mchuuzi wa vioo. Alikuwa amekaa klabuni tangu mwanzo kabisa wa mchezo wa awali, akamsaidia shujaa kwa maneno mawili matatu, akatoweka. Wachezaji wengi hawakumtia maanani, kama vile msichana asivyomtia shaka kijana mgeni wa ngomani. Aliporudi walijua kwamba walikuwa wamekwisha kucheza naye. Naye hashindwi kwa upanga. Mchezaji akichagua kumtetea mdeni wake, hutegewa fumbo, na asipolifumbua kwa wakati amepotea. Katika jioni za Ukambani vitendawili hutangulia ngano: mmoja husema "Kwata ndaĩ!" na wengine hujibu "Nakwata!" Mimi nilikuwa nikidhani desturi hiyo ni ya kuchangamsha akili tu. Huenda ni ya silaha. Akili iliyonolewa kwa ndaĩ ndiyo itakayohitajika iimu akifika, kwa maana ngano nyingi humshinda kwa hila ya mdogo.

Nimelitaja neno kucheza naye, na hapo ndipo mchezo wa video unapoweza kuvuka mpaka ambao ngano haiuvuki. Katika Undertale, kazi ya Mmarekani Toby Fox ya mwaka 2015, liko ua liitwalo Flowey. Mchezaji akimwua mhusika mpole, akajuta, akaurudisha mchezo nyuma ili amwokoe, Flowey humwambia kwamba anajua alichokitenda. Wachezaji wote hurudisha mchezo nyuma. Ni jambo lililokuwa kati yao na mashine. Huyu ni zimwi lijualo hasa, linalomjua si shujaa bali kijana mwenyewe aliyekaa kitini. Tena mchezaji akiamua kuwaua wote, miji hubaki tupu, wachuuzi hukimbia, na polepole hugundua kwamba mwovu wa hadithi ni yeye. Wimbo wa iimu umeimbwa mpaka mwisho wake.

Kutoka bara letu nitautaja mmoja tu, Aurion, uliotungwa Yaoundé na kampuni ya Kiro'o Games na kutoka mwaka 2016. Mwanamfalme Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa na ya kuoa, na anayempindua ni Ngarba Evou, nduguye Erine, bibi arusi. Kumfanya shemeji kuwa adui ni uamuzi wa mtu anayezijua jamaa za Kiafrika zilivyo. Shemeji hutaniwa, huheshimiwa, hula nyumbani. Ninachosikitikia ni kwamba safari ya Enzo huitumia mno hekima na kidogo mno ukoo. Erine yuko pale pale ubavuni kwa mumewe, dada wa mpinduzi, na hali hiyo ingeweza kuzaa maneno makali kuliko yaliyoandikwa. Hata hivyo mlango umefunguliwa, na umefunguliwa mahali panapostahili.

Nasi waandishi na wahakiki wa Kiswahili tusijione tumetakasika. Shaaban Robert, ambaye sote ni wanafunzi wake, aliwaita nduguze Adili kwa majina ya Hasidi na Mwivu, na mshitaki wa Karama katika Kusadikika akaitwa Majivuno. Kazi hizo ni za mafumbo ya maadili na zina haki ya kuwa hivyo. Lakini uigaji wake umetudhuru. Kwa muda mrefu mwovu wa riwaya na tamthilia za shule amekuwa akija na kibandiko kifuani, na mwanafunzi akifundishwa kuorodhesha sifa zake, mchoyo, mkatili, mwongo, kama anavyoorodhesha vyombo vya jikoni. Kijana aliyefundishwa hivyo mchana akakutana na Irenicus usiku, atajua mwenyewe ni wapi anapoheshimiwa zaidi.

Yapo mashaka mazito juu ya kipimo changu. Nikisema kwamba mwovu bora ni yule wa karibu, anayeijua nyumba, je, sifundishi shuku? Ukambani si mahali pa kulisema neno hilo kwa wepesi. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumwua mwanamke waliyemwita mchawi; hukumu hizo hazikutekelezwa, zikageuzwa kifungo, lakini mwanamke alikuwa amekwisha kufa. Na bado katika Kenya yetu wako wazee wanaouawa kwa sababu jirani ameona sura ya mwovu usoni mwao. Mtu anaweza kudai kwamba afadhali joka la mbali, ambalo halifanani na nyanya ya mtu.

Nimeufikiri upinzani huu na sioni kwamba unashinda. Kikamba chenyewe kinamtenga iimu na mũoi. Mũoi ni jirani anayeshukiwa kwa jambo lisiloonekana. Iimu wa ngano hujulikana kwa dalili ambazo hadhira yote inaziona. Majirani Wagikuyu humpa irimũ kinywa cha pili kisogoni, chini ya nywele, na nzi huingia humo. Hakuna anayehukumiwa katika ngano kwa uvumi. Kasoro ya msichana si kwamba hakumshuku mgeni. Ni kwamba aliona akakataa kuona. Ngano basi ni shule ya ushahidi. Anayeipoteza ngano hiyo habaki bila waovu. Anabaki na uvumi.

Na katika michezo ya video uko mmoja uliolielewa jambo hili kwa undani wa kushangaza. Katika Dragon Age: Origins, wa mwaka 2009, jemadari Loghain anamwacha mfalme wake kijana auawe vitani Ostagar, kisha anashika madaraka na kuwasingizia wenzake shujaa. Ni msaliti. Lakini pia ndiye aliyepigania nchi yake mpaka ikatoka mikononi mwa wavamizi, na hofu yake ya wavamizi hao kurudi ndiyo iliyomla akili. Shujaa hamwendei kwa siri. Anamshitaki mbele ya baraza la wakuu, analeta mambo aliyoyakusanya njiani, wakuu wanasikia na kupima, kama katika nzama ya wazee. Kisha, akishindwa, mchezaji huamua kama auawe au aachwe hai awe mwenzake vitani; na akimwacha hai, rafiki wa tangu mwanzo, Alistair, humtupa mkono kwa uchungu na kwenda zake. Huruma ina bei, na bei hulipwa na mtu mwingine. Sijaona mhusika mwovu katika fani hii aliyepimwa kwa uadilifu kuliko huyu.

Yamebaki mawili, na nitayasema kwa wale ambao siku moja watamtia iimu katika mchezo wa video, kwa sababu nadhani siku hiyo haiko mbali.

La kwanza ni mwisho wake. Katika ngano kadhaa iimu anapokaribia kufa humwambia aliyemshinda amkate kidole kidogo. Kidole kikikatwa, watu wote aliowala hutoka, na ng'ombe wao pamoja nao. Katika michezo mingi adui mkuu akifa huanguka dhahabu, au upanga bora kuliko ule ulionao. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kidole kile chadai kwamba walioliwa wawe na majina, na mchezaji awe amewajua kabla hawajaliwa, la sivyo kutoka kwao hakutamgusa. Mtunzi atakayekitaka kidole itambidi autunge mji mzima kwanza.

La pili ni lugha. Waovu wote niliowataja wanasema Kiingereza, au Kijapani, au Kifaransa. Dagoth Ur anapomwita mchezaji rafiki, kijana wa Wote anaielewa maana, lakini hakuna aliyemwita rafiki kwa lugha ile akiwa mtoto. Ushawishi unafika kichwani, haufiki mahali unapolengwa. Hila ya iimu yote ilikuwa katika sauti, katika kulitamka neno mwaitũ kama linavyotamkwa ndani, na Kikamba cha Kitui si kile kile cha Machakos na Makueni. Fanani aliyaweza hayo kwa koo lake. Atakayeyaandika atahitaji kujua ni tamko gani linamfichua mgeni mlangoni Mwingi na lipi linamfichua Kibwezi, na habari hizo, kwa sehemu kubwa, hazijaandikwa popote; zimo masikioni mwa wasemaji, na kuzikusanya ni kazi ya idara kama hii yetu.